Sinema ya Bibi Asiye na Ng'ombe

Mimi sina subira na mtu anayejifanya haogopi, na nina subira ndogo zaidi kwa yule anayeogopa kitu kisichostahili kuogopwa. Mwaka 1973 niliwakuta wa aina zote mbili ndani ya ghala moja la pamba pale Bunda, saa nane mchana, wakitazama sinema ya kutisha. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao.

Sinema yenyewe ilitoka Musoma mjini. Mwenye ukumbi kule alikuwa ameingiza picha za wafu wanaotoka makaburini, na kila Jumamosi vijana wa Nyakato na Buhare walijaa hadi wengine wakakaa sakafuni. Walipiga mayowe, wakacheka, wakarudi tena wiki iliyofuata. Furaha hiyo ilimkera sana Ndugu Bernado, katibu wa kamati ndogo iliyoundwa kuamua ni picha zipi zinafaa kwa nchi inayojenga ujamaa. Bernado alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati na wino katika moja tu. Aliitazama picha moja mara tatu ili aichukie vizuri, kisha akaandika maoni ya kurasa sita kwamba ni sumu, ni kasumba, na inamfundisha mwananchi kuogopa giza badala ya kuogopa unyonyaji.

Kamati ilimsifu. Halafu mwenyekiti akauliza swali lililokuwa likiulizwa kila mahali miaka ile: wakulima wanasemaje? Wakulima walikuwa hawajasema kitu kwa sababu hawajaiona. Basi Bernado akapakia sinema kwenye Landrova akatuletea, tuione, tuogope, tuilaani, naye arudi Musoma na sahihi zetu.

Kwenye Landrova hiyohiyo alileta bahasha yangu.

Wakati huo nilikuwa nafundisha madarasa ya elimu ya watu wazima, ndani ya ghala lilelile wakati pamba ikiwa bado shambani. Nilikuwa na elimu ya kidato cha pili na hasira ya mtu aliyetolewa shule akiwa bado na kiu. Sasa chuo kimoja cha ualimu Mwanza kilikuwa kimenikubali kwa miaka miwili. Ilibaki fomu moja tu, nayo ilitakiwa iwe mikononi mwa Bernado Ijumaa, kwa sababu ofisi yao ndiyo iliyokuwa inazikusanya. Niliijaza haraka haraka: jina, Nyamburi, umri, miaka ishirini na miwili, dini, kabila, afya. Kisha nikafika mahali palipoandikwa: je, mwombaji ameolewa? Kama ndiyo, jina la mume, maoni ya mume, sahihi ya mume. Hapo kalamu ikagoma.

Mume wangu alikuwa Wegesa, na Wegesa alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu.

Kwetu Mara jambo hili halimshtui mtu. Mjane asiye na mtoto wa kiume, ambaye hataki nyumba yake ifutike, anachukua ng'ombe wake mwenyewe anaoa msichana. Watoto wanaozaliwa, baba yao awe nani, ni wa nyumba yake na jina lake. Tunaiita nyumba ntobhu. Nilikuwa na miaka kumi na minane Wegesa alipopeleka ng'ombe kwa baba yangu kule Bugwema, na baba akawapokea asubuhi moja bila kuniuliza kitu. Kwa hilo sijamsamehe hadi leo. Nilikwenda kwa Wegesa nikiwa nimejipanga kumchukia. Nilijitahidi kwa miezi sita, nikashindwa. Alikuwa na mdomo mchafu, alikoroma, na alipima mafuta ya taa kama dawa. Lakini nilipojifungua alichukua fahali wake wa mwisho, akawaita wanaume wamtoboe mshipa wa shingo, akaniletea damu imechanganywa na maziwa, akanishikia kibuyu mwenyewe mpaka nikamaliza. Mtoto alikuwa wa kike, Miriamu, wakati yeye alikuwa anaomba wa kiume. Nilimwomba radhi. Akamtazama mtoto akasema, "Haina shida. Hii nayo itaoa."

Mimi nilimwita Mama, naye nyumbani aliniita mkamwana. Mbele ya watu wa serikali yeye alipenda kujiita mume, akisema ng'ombe hawakutoka kwenye zizi la mtu mwingine.

"Andika hajaolewa," Bernado aliniambia, akiegemea Landrova. "Sheria mpya ya ndoa inasema mume ni mwanaume. Yule bibi kisheria ni jirani yako tu."

"Jirani?"

"Ndiyo, dada Nyamburi. Jirani mwema. Tunakutoa kwenye mila zilizopitwa na wakati."

Nilitaka kumtia kofi, lakini nilikuwa nahitaji chuo kuliko nilivyohitaji kumtia kofi. Ukweli ni kwamba alinionyesha njia rahisi na ndiyo maana nilikasirika. Nikiandika hajaolewa, nimemfuta Wegesa kwa neno moja na Ijumaa nimepona. Nikiandika ameolewa, inabidi nimpelekee fomu akubali kwa mkono wake mkewe wa pekee, aliyemtolea karibu zizi zima, aende Mwanza miaka miwili. Wasichana waliokwenda Mwanza tuliwajua. Walirudi kwenye misiba tu, tena wakiwa na mwavuli. Niliificha bahasha chini ya mkeka wa kulalia. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne saa saba watu walianza kuingia ghalani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, shuka nyeupe imetundikwa ukutani, na mashine ya sinema imewekwa juu ya mzani mkubwa wa kupimia pamba. Anayeiendesha aliitwa Felisian, mtu wa Butiama, mwenye majivuno ya fundi anayejua kwamba bila yeye hakuna kitakachotokea. Mikanda ilikuwa mitatu, ndani ya makopo matatu ya bati. Joto lilikuwa la kuivisha ndizi. Watu walikaa sakafuni, na mstari wa mbele kabisa, juu ya kiti alichokibeba kutoka nyumbani, alikaa Wegesa na Miriamu amelala mapajani mwake.

Bernado alifungua kwa hotuba. Alitutahadharisha kwamba tutakachokiona kitatutia kichefuchefu, na kwamba tusione aibu kutapika. Kisha akatoka kwenda kunywa chai senta, maana yeye alikuwa amekwishaiona.

Mkanda wa kwanza ulikuwa rahisi. Kulikuwa na baba maskini na binti yake. Lilikuja gari la farasi, akashuka mtumishi mwenye kofia ndefu, akampa baba mfuko wa fedha. Binti akapelekwa kwenye nyumba ya mawe juu ya mlima, nyumba kubwa kupita bwalo la shule. Mlangoni alimpokea bibi mmoja aliyevaa nguo nyeusi hadi miguuni, ameshika mshumaa. Nilitafsiri kwa kipaza sauti nilivyoweza. Waigizaji walizungumza Kiingereza cha haraka cha puani, na nusu yake nilikuwa naijazia mwenyewe.

Mzee Machage, mkulima wa pamba ambaye katika darasa langu alikuwa ameshindwa mtihani wa kusoma mara nne kwa kubishana na maswali, akanyoosha mkono gizani.

"Mwalimu. Huyo mama iko na mtoto wa kiume?"

"Hana."

"Na bwana yake?"

"Alikufa."

Ghala zima likavuta pumzi: "Aaaa!"

Kuanzia hapo nilikuwa sihitajiki tena. Mfuko wa fedha ulikuwa mahari, jambo ambalo liliwasikitisha, kwa sababu baba mwenye akili angedai ng'ombe. Mtumishi mwenye kofia alikuwa mshenga. Bibi alikuwa ameoa. Wanawake walianza kumsema yule msichana kwamba ana mikono laini na hataweza kusaga. Nilijaribu kueleza kwamba hii ni picha ya kutisha, kwamba yule bibi ni mfu anayeishi. Mwanamke mmoja, Susana, kiongozi wa kwaya, akaniambia, "Mwalimu, watu wa hivyo tunakuwaga nao. Endelea tu."

Mkanda ukaisha. Felisian akabadilisha, na picha ikarudi shukani, na nikashangaa. Msichana alikuwa amekwishakonda, uso mweupe kama unga wa muhogo. Kijana mwenye nywele za njano ambaye hatujawahi kumwona alikuwa anavunja mlango kwa shoka, na nyuma yake padre amebeba nyundo. Ilinichukua muda mfupi kuelewa. Felisian alikuwa ameruka mkanda wa pili akaweka wa tatu. Nikageuka. Naye alikuwa amegundua. Mdomo wazi, mkono wake juu ya swichi, ananiuliza kwa macho kama azime.

Nikamtazama Mama. Alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, kidevu nje, anamwangalia yule kijana wa nywele za njano kwa chuki kubwa.

Hapo nilipiga hesabu ya haraka, maana kisa chote nilikuwa nimekisoma kwenye zile kurasa sita za Bernado. Tukizima tukaanza upya, wataona mkanda wa katikati, halafu picha itaishia hapa: bibi anachomwa mti kifuani na msichana anapanda farasi anaondoka asigeuke nyuma. Tukiendelea, bibi atachomwa sasa, msichana ataondoka sasa, lakini mkanda wa katikati utakuja mwisho, na ndani yake wale wawili wako pamoja mezani. Nilitaka Mama aone msichana akirudi. Nilitaka hivyo kwa nguvu, hata kama kurudi kwenyewe kungekuwa ni kosa la Felisian. Nikampungia mkono: endelea.

Ghasia zilizofuata sijaziona tena katika sinema yoyote. Kijana alipompandisha msichana juu ya farasi, wanaume walisimama.

"Na mahari je? Arudishe kwanza mahari!"

"Mwizi huyo! Mshike!"

"Padre na nyundo! Padre anaendaga kwa mgonjwa na nyundo?" Susana alilia kwa uchungu wa kweli. "Mafuta matakatifu yake iko wapi?"

Bibi alipokuwa anakufa kwenye ngazi, kipande cha mshumaa kikiwa mkononi, hakuna aliyetapika. Wanawake wawili walifuta macho kwa khanga. Kisha yakatokea shukani yale maneno makubwa ya Kiingereza ya kuwaaga watu, na mimi nikayasoma kwa sauti ya utulivu: "Wanasema tusiondoke, bado kidogo."

Felisian akaweka mkanda wa pili.

Msichana alipoonekana ameketi mezani na bibi, ghala lilipasuka kwa vigelegele. "Amerudi!" Machage alipiga kelele, akamkumbatia mtu asiyemjua. "Amemkimbia yule mwizi, amerudi kwa mwenye nyumba!" Bibi alikuwa hai kwa sababu alikuwa amezimia tu, jambo ambalo kila mtu alilielewa mara moja bila msaada wangu. Walimtazama akimchana msichana nywele, wakamtazama akimvisha gauni, wakasema amesamehe haraka mno. Kisha ikafika ile sehemu ambayo Musoma vijana walikuwa wanaruka juu ya viti. Bibi aliingia na mshumaa chumbani kwa msichana, akainama, akamuuma shingoni, damu ikatiririka.

Mimi mwenyewe nilihisi nywele zikisimama.

"Maskini," akasema mwanamke mmoja nyuma. "Nyumba kubwa hivyo na haina hata ng'ombe moja ya kutoboa."

Kila mtu akakubali. Sasa ilieleweka kwa nini mama wa watu alikuwa amefika pale. Mkanda ukaisha msichana ameweka kichwa mapajani mwa bibi, na Felisian, ambaye alikuwa amelowa jasho mpaka kiunoni, akazima jenereta kabla mtu hajabadili mawazo.

Bernado aliingia magunia yakiwa yanatolewa madirishani. Aliona watu wakipeana mikono. Akanitazama, nikatazama paa.

"Ndugu wananchi," alianza, "sasa tutoe maoni kwa uhuru. Nani ataanza kulaani?"

Nilikuwa na daftari, kazi yangu kuandika. Machage alisimama akasema picha ni nzuri lakini mwenye kuitengeneza hajui mifugo. Mtu mwenye milango arobaini na zizi hana si tajiri, ni mgonjwa, na wangemwonyesha ng'ombe hata watano watu wangemheshimu. Susana alisema yule padre aandikiwe barua kwa askofu wake. Mwingine akataka kujua gauni lile la msichana linauzwa wapi. Mwingine akasema bibi hakukosea kunywa damu, alikosea mahali pa kuitoa, na kwamba hata yeye alikunywaga damu akiwa jandoni na hakumuuma mtu.

"Lakini hamkuogopa?" Bernado aliuliza. Sauti yake ilikuwa inapanda. "Mfu ananyonya damu ya kijana! Hamwoni kwamba huyu ni mnyonyaji? Hamwoni mfano wa bepari?"

"Bepari anakaaga bila ng'ombe?" Machage aliuliza, na kwa kweli alitaka kujua.

"Mwisho wake ameuawa! Msichana amekombolewa!"

"Ilizimia tu," watu wakamsahihisha. "Na mkamwana amerudi."

"Amerudi wapi? Amekufa bibi! Nimeiona mara tatu!"

"Labda yako ilikatika," Machage alimpoza. "Ya hapa ilikuwa nzima."

Ndipo Wegesa akasimama. Alimkabidhi Miriamu kwa jirani, akajifunga khanga upya kiunoni, akaanza. Nilijua watu watasikiliza kwa sababu alikuwa na sauti ya kufukuza nyani mashambani.

"Mimi sijaogopa," alisema. "Niogope nini? Mimi ni mume, nimeoa kama yule. Nitasema kosa lake, maana nyinyi mnaongea ng'ombe, ng'ombe. Yule mama alikuwa anafunga mlango. Kila saa, funguo. Sasa wewe unaoa mtu halafu unamfungia? Huyo si mke, huyo ni mbuzi. Angemwachia mlango wazi, yule kijana wa nywele mbovu angekuja na shoka ya nini? Angevunja nini? Na mimi nimefurahi mkamwana amerudi. Nimemaliza."

Walimpigia makofi marefu. Mimi niliandika kila neno. Alipokuwa anasema maneno ya mlango hakumtazama Bernado wala shuka. Alinitazama mimi.

Bernado alisoma daftari langu akiwa amesimama, kisha akalitia kwenye mkoba kwa namna mtu anavyotia soksi chafu. Hakuna hata mmoja aliyelaani. Maoni kumi na manane, na kumi na mawili yalihusu mifugo. Alipokuwa anapanda gari alinikumbusha kwa ukali, "Ijumaa. Na neno ni lile moja tu, hajaolewa. Usinipotezee muda." Felisian hakunitazama kabisa. Alikuwa anahesabu makopo yake, akiyapangusa vumbi kana kwamba ndiyo yaliyomponza.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Mama alitembea mbele na kiti chake kichwani, mimi nyuma na mtoto. Watu waliotupita walikuwa wanaisimulia picha upya, na tayari bibi alikuwa amepewa zizi. Tulipofika aliwasha moto, akabandika maji ya ugali, akakaa.

"Mwalimu wako wa sinema amekosea," akasema.

"Nani?"

"Yule wa Butiama. Hiyo ya mwisho ilikuwa ya katikati."

Nilimshusha mtoto mgongoni.

"Mshumaa," alisema. "Pale wanapomuua, mshumaa ni kipande hivi." Akanionyesha ncha ya kidole. "Halafu eti msichana amerudi, mshumaa ni mrefu. Mshumaa inarefukaga? Mimi napima taa kila siku, utanidanganya na mshumaa?"

"Kwa nini sasa hukusema pale? Ulisimama mbele ya watu wote ukasema umefurahi."

"Watu walikuwa wamefurahi. Nikae niwaharibie ya nini?" Alikoroga maji ambayo hayakuwa na kitu cha kukorogwa. "Kwa hiyo yule msichana hakurudi."

"Hakurudi, Mama."

"Alipanda farasi akaenda."

"Ndiyo."

"Hata hakugeuka. Nimeangalia sana kama atageuka." Kisha, bila kubadilisha sauti, "Na wewe una barua chini ya mkeka."

Nilitaka kusema uongo, lakini huyu mwanamke nilikuwa nimemfundisha kusoma mimi mwenyewe, herufi kwa herufi, mwaka mzima, na nilikuwa nimempigia makofi siku aliposoma ukurasa bila kukwama. Sikuwahi kufikiri kwamba angekuja kuitumia elimu hiyo juu yangu.

"Nimesoma jana," alisema. "Polepole. Ile ya Kiswahili yote nimeelewa. Mwanza. Miaka miwili. Mume aseme maoni yake. Nikangoja uniletee. Jioni hujaleta. Leo asubuhi hujaleta."

Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu sheria mpya, na neno hajaolewa, na neno jirani. Nilisema nikilia kwa hasira, hasira ya Bernado na ya baba yangu na yangu mwenyewe kwa kuificha, na nikamwambia kwamba nilitaka chuo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na kwamba kama akikataa nitabaki lakini nitakuwa mke mbaya maisha yangu yote. Hiyo ya mwisho naijutia kidogo. Ilikuwa kweli.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Jirani," akasema. "Huyo kijana hajawahi kuwa na jirani." Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Nilimletea fomu na kalamu. Alisogea mlangoni penye mwanga, akaweka karatasi juu ya kiti, akapiga magoti mbele yake kama tulivyokuwa tunafanya darasani kabla hatujapata madawati. Aliandika kwa muda mrefu sana. Alikuwa ameikinga karatasi kwa mkono wa kushoto nisione, tabia ambayo nilikuwa nimemkemea nayo mara nyingi. Ugali niliusonga mimi. Alipomaliza alikunja fomu mara nne, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi.

"Usifungue," alisema. "Maoni ni ya mwenyewe. Unampelekea Bernado, afungue Bernado."

Hakusema zaidi siku ile, wala Jumatano, wala Alhamisi. Alinitukana kama kawaida kuhusu chumvi. Nilijua angeweza kuwa ameandika chochote. Alikuwa mwanamke wa kuweza kuandika sitaki kwa herufi kubwa na kuniacha niibebe mwenyewe hadi Musoma, anifundishe adabu. Mara mbili niliishika bahasha ile juu ya mvuke wa chungu, na mara mbili niliirudisha.

Ijumaa niliingia ofisini kwa Bernado saa nne. Juu ya meza yake kulikuwa na taarifa yake mpya kuhusu sinema, imechapwa kwa mashine, na hata ikiwa kichwa chini miguu juu niliweza kusoma mstari wa kwanza: wakulima wa Bunda wamelaani kwa kauli moja. Aliona nimeona. Akaweka mkono juu yake, akapokea bahasha, akaichana.

Alisoma. Nilimwona akifika mahali pa mume, akasimama, na nikajiandaa kwa ajili ya kicheko chake. Nilikuwa nimekwishachagua maneno ya kumjibu. Aliisoma mara ya pili, midomo ikichezacheza.

"Dada Nyamburi," akasema, na ilikuwa sauti nyingine. "Ulijua ameandika nini?"

"Hapana."

Akaigeuza karatasi upande wangu. Jina la mume, Wegesa. Sahihi, Wegesa tena, kwa herufi zilezile kubwa, maana mimi sikuwa nimemfundisha kwamba sahihi ni kitu tofauti. Na kwenye maoni ya mume, mistari mitatu mitupu ambayo angeweza kuijaza yote, yeye mwenye maneno ya kutosha ghala zima, alikuwa ameandika maneno mawili, ameyakandamiza hadi karatasi ikatoboka kidogo.

Naogopa. Aende.

Bernado alitafuta ile kalamu yenye wino, akajaribu mbili kabla ya kuipata, akaweka sahihi yake chini ya ile ya mume, akagonga muhuri. Nami nikalia pale pale mbele yake, kwa sauti, mtu ambaye nilikuwa nimeapa sitamwonyesha hata kikohozi.